Magari Matatu, Njia Moja ya Kwale

Mombasa ni lango la magari ya Afrika Mashariki. Meli kutoka Japani huyashusha Kilindini kwa mamia, na kabla hayajapanda bara kuelekea Nairobi, Kampala au Kigali, huwa yamekwisha kukanyaga ardhi yetu na kuvuta hewa yetu ya chumvi. Ndiyo maana yadi za magari zimeenea kisiwani na Nyali. Apitaye jioni huyaona yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa, yanameremeta, kila moja lina karatasi nyuma ya kioo. Kwa mtazamaji, kuchagua ni jambo jepesi. Kwa mnunuzi mwenye fedha za gari moja tu, na asiyetarajia kuzipata nyingine karibuni, safu hizo ni kama mabishano yasiyo na mwamuzi.

Sisi tulikwenda tukiwa watatu: wake wa ndugu wawili pamoja na wifi yetu. Fedha zetu zilikuwa akiba ya miaka 4 na thamani ya gari dogo tulilokuwa nalo. Sehemu iliyosalia tungeipata benki kwa njia ya murabaha, ambapo benki hulinunua gari kisha ikatuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo. Haja yetu haikuwa fahari. Mavyaa wetu anakaa Kwale, na tangu magoti yalipoanza kumtesa hushuka Mombasa kila baada ya wiki mbili kwa matibabu. Gari dogo lilimlazimu ainame na kujibwaga kitini, na wakati wa kushuka ilikuwa lazima avutwe kwa mikono miwili. Mwanamke aliyelea watoto 6 na kusimamia duka lake mwenyewe hapendi kuvutwa mbele ya mlango wa hospitali. Alikuwa ameanza kutoa nyudhuru: leo mvua, kesho ana wageni. Miadi miwili ilikuwa imempita hivyo, na sote tulijua sababu ingawa hakuna aliyeitaja.

Baada ya kuuliza jamaa na mafundi, yalibaki magari matatu: Nissan X-Trail, Subaru Forester na Mazda CX-5. Kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja. Upana wao hautofautiani kwa zaidi ya sentimita 5, na yote matatu yameinuka kutoka ardhini kwa sentimita 20 hivi au zaidi kidogo. Karatasi za watengenezaji zilitusaidia hadi hapo tu. Nako yadini, kujaribu gari ni kuzunguka mtaa mara moja huku muuzaji ameketi kando, kiyoyozi kimewashwa na sifa hazimwishi kinywani. Tukaona heri kukodi. Kila gari tulilikodi siku moja, wiki tatu mfululizo, tukapita njia ile ile, na mizigo ile ile, na mavyaa yule yule. Gharama ya siku tatu ni ndogo mno ikilinganishwa na majuto ya miaka kumi, na twawashauri dada zetu wafanye vivyo hivyo.

Mtihani wa kwanza ni Mji wa Kale. Kule Ndia Kuu nyumba zimekaribiana, mikokoteni ina haki kuliko magari, na watoto hutoka vichochoroni bila kubisha hodi. Hapo ndipo sentimita chache zinapopata maana. CX-5, iliyo pana kuliko wenziwe, ilitufanya tukunje vioo vya pembeni mahali ambapo Forester ilipita imevifungua. Forester ina madirisha marefu na nguzo nyembamba, na dereva huona vizuri kona ya boneti na kichwa cha mtoto. Wifi yetu, ambaye hupenda gari kwa umbo lake, alisema Forester inafanana na sanduku. Hatukumpinga; sanduku ni chombo chema.

Tukavuka Makupa, tukapita Changamwe, tukaingia barabara ya Dongo Kundu. Asiyeipita bado na aipite, hata kwa matembezi. Zamani mtu wa kisiwani aliyetaka Kwale hakuwa na hila ila feri ya Likoni. Sasa barabara inapita juu ya mikoko, na daraja la Mteza, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, linakuweka juu ya maji matulivu. Maji yakiwa yamekupwa, utaona mizizi ya mikoko imesimama matopeni kama vidole. Hapo mwendo ni wa kasi na lami ni laini, na CX-5 iliyashinda mengine yote: usukani wake ni mwepesi kutii, na ndani tulizungumza kwa sauti ya chumbani. Lau safari zetu zingekuwa za lami tupu, mjadala ungeishia darajani.

Kutoka Kombani barabara inapanda. Kwale iko karibu mita 400 juu ya bahari, na mtu husikia tofauti masikioni na kwenye ngozi. Joto la Mombasa hubaki chini pamoja na kelele zake. Kilima hiki hufichua tabia ya injini. CX-5 ina giaboksi ya kawaida ya gia 6, nawe husikia kila gia inapobadilika. X-Trail na Forester tulizokodi hutumia giaboksi isiyo na ngazi za gia: ukikanyaga mafuta, injini hupandisha mlio na kuushikilia hadi kilima kiishe. Asiyeuzoea hudhani gari linalalamika, kumbe ndivyo lilivyoundwa. Jambo la kuzingatia ni mafuta ya giaboksi hiyo: hayana mbadala wa rafu ya dukani, lazima yawe ya aina yake hasa.

Nyuma ya mji kuna njia za udongo mwekundu zinazokaribia hifadhi ya Shimba Hills, makazi ya palahala, ambao hawapatikani mwituni mahali pengine popote Kenya. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili kati ya mara tatu tulizopita. Forester huendesha magurudumu yote manne wakati wote. X-Trail yenye uwezo huo ina kitufe cha kuzungusha, nawe huchagua mawili au manne. Lakini hapa mnunuzi awe macho: X-Trail na CX-5 huuzwa pia zikiwa za magurudumu mawili tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Usitosheke na neno la muuzaji. Mwambie fundi achungulie chini.

Tukaja kwenye jambo lililotutoa nyumbani. Mavyaa hakutaka kusaidiwa. Alitaka kuachiwa mlango wazi na watu watazame pembeni. Katika CX-5 kiti ni kizuri lakini paa limeshuka, naye aliinamisha kichwa. X-Trail ina milango ya nyuma inayofunguka kwa upana sana, akaingia vyema, ila upindo wa buibui lake ulifagia tope kwenye kizingiti. Katika Forester alisimama akaupa mlango mgongo, akaketi kwanza, kisha akageuza miguu mmoja baada ya mwingine, kwani kiti kilikuwa sawa na nyonga zake. Hakusema kitu. Alijifunga mkanda mwenyewe, akauliza kwa nini tunakawia.

Waume zetu walikuwa wakiipigia debe X-Trail kwa sababu iko ya viti 7. Hoja ilikuwa nzito, maana nyumba yetu ina watu 8. Tuliketi safu ile ya tatu kutoka Kwale hadi Likoni ili tusiseme kwa dhana. Watoto hukaa kwa raha. Mtu mzima magoti humfika kifuani. Tena safu hiyo ikisimamishwa, buti husalia na nafasi ya vikapu viwili tu, na kigari cha kutembelea cha mavyaa hakina pa kulala. Tukawaambia: viti 7 tutavihitaji Idi mbili kwa mwaka, buti tutalihitaji kila wiki mbili. Mmoja wao hajaridhika hadi leo, naye ana haki yake.

Feri tulirudi nayo kila mara kwa ajili ya mteremko wa gati, mahali pa kujua breki zinavyoshika gari likisimama foleni limeelekea majini. Yote matatu yalishika, alhamdulillahi.

Kupata Forester iliyo njema kulichukua wiki nyingine tano. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo umri hufichika kwa shida; kinachofichika ni maisha yake. Tuliomba karatasi ya mnada wa Japani kwa kila gari. Moja ilikuwa na herufi R, alama ya gari lililopata kuharibika likatengenezwa, ingawa rangi yake ilikuwa ya kupendeza kuliko zote. Jingine fundi alililalia chini akatuonyesha kutu kwenye vyuma vya kushikilia magurudumu. Huenda lilitoka sehemu za theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi. Gari kama hilo ukilileta kwenye upepo wa Mombasa, umeongeza chumvi juu ya chumvi.

Tulilolichagua ni la rangi ya kijivu, na kiti cha dereva kimechakaa kidogo ubavuni. Mthamini wa benki amelipitisha, karatasi za murabaha zinatiwa saini Jumatatu, inshallah. Miadi ya mavyaa ni Alhamisi. Idi tutakwenda kwa safari mbili, watoto kwanza.