Baba Aliaga Mwenyewe

Ugonjwa wa Baba ulianzia mezani. Kwanza nyama ilimkwama, akasema ni meno. Kisha ugali. Ilipofika mahali hata kiburu anakisukuma kwa maji, Mama alikata shauri: kesho hospitali. Majibu yalipotoka, daktari hakutuita sisi watoto pembeni kama inavyofanyika mara nyingi. Alimwuliza Baba kama anataka kuelezwa yote. Baba akajibu, "Niambie mimi kwanza, daktari. Hawa watasikia kwangu."

Natoa ushuhuda huu kwa sababu ya jibu hilo. Kwa kuwa Baba alijua, hakuna aliyenong'ona nyumbani kwetu. Hatukuficha vyeti wala kujifuta machozi jikoni kabla ya kuingia chumbani kwake. Na kwa kuwa hatukunong'ona, aliweza kutuaga mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa na akili timamu. Neema hiyo namshukuru Mungu kwayo kila siku.

Ilikuwa saratani ya umio, na ilikwisha kusambaa. Sisi wa Kilimanjaro tunaujua ugonjwa huu. Ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Malawi, una wagonjwa wa saratani hiyo wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi hufika hospitali wakati chakula kigumu hakipiti tena. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa ameshaanza kuulizia matibabu ya India na kuchangisha ndugu. Tulikaa sebuleni, Baba kwenye kiti chake na koti begani, tukamsikiliza kaka akitaja gharama. Baba alimwacha amalize. Kisha akatukumbusha Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Moshi, naye Baba akiwa katika umati.

"Papa yule alikuwa na madaktari wa kila aina," alisema. "Hospitali ya Gemelli iko hapo hapo Roma, na alishalazwa humo. Mwishoni akabaki chumbani kwake, akapewa mpako, akafa kati ya watu wake. Mimi nikafie India kwa sababu gani?"

Niliikumbuka Aprili 2005 Papa huyo alipofariki, redio ikiwa imefunguliwa nyumbani kutwa nzima. Padre wetu baadaye alituthibitishia kwamba Kanisa halimlazimishi mtu kukimbilia tiba nzito isiyokuwa na tumaini. Kuikataa si kujiua, ni kukubali kwamba sisi ni watu wa kufa. Kaka alilia palepale mbele yetu. Nadhani ndiyo siku alipoanza kumuaga Baba.

Tukabaki na tiba shufaa. Muuguzi alikuja nyumbani, akatufundisha kumpa morfini ya maji kila baada ya saa nne bila kusubiri aanze kulalamika, na dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo. Shangazi, dada yake Baba, hakulala kwa sababu ya ile chupa. Aliona maumivu ni msalaba ambao Baba anapaswa kuubeba, na dawa yenyewe ni ya kulevya, itamwua. Sikumlaumu, alisema kwa mapenzi. Ni Padre aliyemtuliza. Alimweleza kwamba tangu 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari kuwa kutuliza maumivu ya mgonjwa ni halali, hata kama dawa yaweza kumpunguzia siku, mradi nia isiwe kumwua. Naye Baba, aliyekuwa amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaongeza la kwake: "Dada, mtu anayelia usiku kucha hasali. Analia tu."

Lakini jambo lililomwogopesha Shangazi zaidi lilikuwa kumwita huyo Padre aje na mafuta. "Mkimpaka sasa mmemkatia tamaa," alisema. Alikua wakati ambapo padre huitwa usiku, mgonjwa hajitambui, na watu wakiona taa inapanda mgombani wanajua msiba umeingia. Woga huo upo mpaka leo katika familia nyingi za Kikatoliki, na ndio unaowanyima wapendwa wetu sakramenti wakati wangali wanaweza kuijibu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema wazi mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si kwa ajili ya wanaokata roho tu. Wakati wake unafika mara mtu anapoanza kuwa hatarini. Na ugonjwa ukizidi, unaweza kurudiwa. Mama hakubishana na mtu. Alimpigia katekista simu.

Padre alifika Jumatano mchana. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni, na Baba akaitikia "Milele, amina" kabla yetu sote. Tulitoka nje, wakabaki wawili kwa maungamo. Walikaa muda mrefu. Wanajumuiya walikuwa wameshafika, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya ndoo zilizofudikizwa chini ya migomba. Tuliporudi ndani, meza ya redio ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe cha Mama, na Padre akaanza Misa kando ya kitanda.

Alimpaka mafuta kwenye paji la uso, kisha viganjani. Viganja vya Baba vilikuwa na nyufa za miaka mingi ya kahawa, na mafuta yaliingia humo yakang'aa kwenye kila mstari. Hakuvifunga. Aliviacha wazi juu ya blanketi mpaka mwisho wa Misa.

Kabla ya Komunyo alionyesha wasiwasi uliokuwa umemkalia moyoni. "Padre, Mwili wa Yesu utanikwama. Nitautema, na sitaki." Wakati huo hata mtori tulikuwa tunauchuja mara mbili. Padre akamwambia Kanisa lilishaliona jambo hilo: mgonjwa asiyeweza kumeza aweza kupokea Damu peke yake, na Kristo yumo mzima katika umbo la divai. Nikamwinua Baba kichwa. Padre akateka matone machache kwa kijiko kidogo, akayaweka ulimini. Niliona koo likipanda, likasimama, likapanda tena. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri lile koo. Yalipita. Baba akasema "Amina" kwa sauti iliyokwaruza, Mama akapiga magoti, na sisi sote tukapiga magoti.

Kesho yake Baba alimwagiza mtoto akamwite baba mdogo. Walikuwa wamegombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na kwa miaka hawakuongea zaidi ya salamu za kanisani. Baba mdogo alikuja na jani la sale mkononi. Kwetu Wachagga anayekujia na sale anaomba msamaha, na huna ruhusa ya kumkatalia. Baba alilipokea, akaliweka kifuani, akasema, "Nami nilikuwa nakutafutia lako." Kisha akataja mpaka: pale kwenye mparachichi, si chini yake. Alikuwa anamwachia mdogo wake eneo lote walilogombania. Baba mdogo alibaki pale mpaka usiku, na tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.

Halafu Baba alituita mmoja mmoja. Aliniandikisha madeni kwenye daftari la shule: fedha za dawa ya ng'ombe kwa jirani wa chini, mchango wa parokia aliouahidi. Kaka aliambiwa ile fedha ya India ilipe ada ya mpwa wetu. Mimi aliniambia, "Wewe ukiumia unanyamaza. Safari hii usinyamaze." Akanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kama alivyofanya nilipokuwa naondoka kwenda shule ya bweni. Nilimwambia asante, na nampenda. Neno hilo hatukuwa tumezoea kulitamka nyumbani. Aliyoongea na Mama hatuyajui, na hatumuulizi.

Muuguzi alikwisha kutuandaa kwa mwisho: pumzi itakatika na kurudi, miguu itapoa, tusimlazimishe chakula, tumloweshe midomo kwa pamba, na tuendelee kuzungumza naye kwani huenda anasikia. Kwa hiyo Ijumaa usiku, ilipoanza hivyo, hatukukimbizana kutafuta gari. Jumuiya ilisali Rozari, Matendo ya Uchungu, kisha Litania ya Watakatifu. Mama alimshika mkono mpaka alfajiri, akatoka kukamua ng'ombe. Ni wakati huo Baba alipoenda, mimi na baba mdogo tukiwa naye. Nilihofia Mama atasikitika kwamba hakuwepo. Aliweka ndoo chini, akamfunga Baba kidevu kwa kitambaa, akasema, "Mimi na yeye tulishaagana."

Alizikwa kihambani, kwa heshima zote za Kanisa na za ukoo.

Msije mkadhani imani ilinifutia uchungu. Nilikuwa nimesali novena apone, na hakupona. Ilipita miezi nikisali Baba Yetu, na nikifika penye mapenzi ya Mungu sauti inakatika, siwezi kuendelea. Nilimkumbuka Baba na agizo lake, nikamwambia Mama. Hakunihubiria. Alisema, "Basi tusali pamoja kwa simu. Wewe anza, mimi nitamalizia." Tulifanya hivyo kila usiku, yeye akiwa nyumbani kule juu, mimi mjini, mpaka nilipoweza kumaliza mwenyewe, na hata sasa hatujaacha. Kila Novemba, katika siku zile nane za kwanza, tunakutana wote kaburini kumwombea rehema ambayo Kanisa linawapatia marehemu. Baba mdogo ndiye hufyeka nyasi.

Na Shangazi, mwaka huu alilazwa kwa presha. Nilipofika wodini alikuwa ameshamtuma mtu parokiani, bila kumwuliza yeyote kati yetu. Padre alimpaka mafuta akiwa ameketi kitandani, anajibu sala zote kwa sauti. Aliruhusiwa kurudi nyumbani, na Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye jumuiya.