Mizigo Mizito ya Kariandusi

Msafiri atokaye Gilgil kwenda Nakuru, akiisha kuuacha mji nyuma yake na kuuanza mteremko uelekeao Ziwa Elementaita, hupita Kariandusi pengine bila ya kujua kuwa amepita, kwani hapana mnara wala jumba la kumsimamisha. Lakini sisi wenyeji twajua ya kwamba juu ya kipande hiki cha lami hupita sehemu kubwa ya vitu vizito vinavyotakiwa bara kutoka bandari ya Mombasa, kuanzia mitambo ya viwanda na transfoma za umeme hata matingatinga na mihimili ya madaraja. Hapa ndipo nilipozaliwa, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia katika kuichukua mizigo hiyo, kwanza nikiwa taniboi, kisha dereva wa lobedi, na mwishowe kiongozi wa gari linalotangulia msafara. Na kwa kuwa waliokuwa na maarifa ya kazi hii katika zama zile wanazidi kupungua, naona ni wajibu wangu kueleza jinsi ilivyogeuka.

Somo la kwanza la mizigo nilipewa na marehemu baba, aliyekuwa mpakiaji katika machimbo ya daiatomaiti, ule udongo mweupe uliofanyika kwa mabaki ya mimea midogo ya ziwa la kale, ambao wepesi wake humstaajabisha kila aunyanyuaye mara ya kwanza. Alizoea kuniambia, "Mwanangu, mzigo una mambo mawili, uzito na kiwiliwili, na asiyeyapambanua mawili hayo ataumia." Lori la magunia yake lilijaa pomoni kabla ya kufikia uzito wake, ilhali mashine moja ya chuma isiyofika kiuno cha mtu mzima iliweza kuzilaza springi za lori hilohilo. Baadaye niliona kuwa tadbiri zote za kazi yetu zimejengwa juu ya maneno hayo, kwani mzigo mzito ni hatari kwa lami na madaraja, na mzigo mpana au mrefu ni hatari kwa kona, nyaya na gari linalokuja mbele. Na ukikutana na mzigo wenye sifa zote mbili, hapo ndipo ujuzi wa mtu hupimwa.

Kabla ya zama za malori, kipimo cha kila shehena kilikuwa ni bega la mwanadamu. Misafara iliyotoka pwani na kupita katika Bonde hili la Ufa katika karne ya 19 ilimtwika mpagazi ratili 60 hadi 70, yaani takriban frasila mbili, na kila kilichozidi hapo hakikuwa na budi kufunguliwa, kugawanywa na kufungwa upya. Hata meli ilitendwa hivyo: William Mackinnon iliundwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa tena na kushushwa katika maji ya Ziwa Nyanza mwaka 1900. Mwaka huohuo reli ilikuwa ikilivuka Bonde la Ufa, nayo ikafika Kisumu mwaka 1901. Na maadamu njia ya kudumu ya kushukia genge la Kikuyu ilikuwa bado haijakamilika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma juu ya majukwaa yaliyoundwa makusudi kwa mteremko ule mkali. Nayataja haya kwa kuwa ndani yake mna asili ya mageuzi yote niliyoyaona kwa macho yangu: mpagazi aliuvunja mzigo upate kuifaa njia, na mjenzi wa reli akaanza kuitengeneza njia ipate kuufaa mzigo.

Nilipoingia kazini katika miaka ya 1970, sisi wa malori tulikuwa kati ya mambo mawili hayo, kwa maana mzigo ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa na njia ilikuwa bado ndogo. Tulishuka Bondeni kwa barabara iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tukalipita lile kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 chini ya genge, kisha tukashika njia ya Naivasha na Gilgil kwa mwendo ambao mtu mwenye haraka angeweza kuandamana nao kwa miguu. Uzito tuliukadiria kwa macho, kwa kutazama jinsi matairi yalivyotuna ubavuni na kusikiliza sauti ya injini katika kilima cha kwanza. Nyaya za simu zilizoning'inia chini tulizinyanyua kwa mti mrefu wenye panda, mmoja wetu akiwa amesimama juu ya mzigo. Daraja lililotutia shaka tulilikagua kwa kushuka bondeni na kutazama nguzo zake, kisha tulishauriana, na mashauri yenyewe aghalabu yalikwisha kwa mtu mmoja kusema, "Tawakali."

Mteremko wa Kariandusi, niliokuwa nikiupita kwa mbio nilipokuwa mwanafunzi, niliujua upya nilipoandamana na gurudumu la trela lililobeba chuma, mkononi mwangu mna gogo la kulikingia, na puani mwangu mna harufu ya breki zinazoungua. Dereva niliyekuwa chini yake, mtu mzima mwenye haya na maneno machache, alisimamisha gari kila tulipofika kileleni, akashuka, akaizunguka shehena yote akiugusa mnyororo mmoja baada ya mwingine, ndipo akapanda tena. Nilipomuuliza, "Mzee, mbona hata siku tulizochelewa wasimama?" alinijibu, "Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kijana. Ukiisha kuteremka hapana tena mashauri." Nimekutana na walimu wengi tangu siku hizo, wengine wenye shahada, wala sijasikia kanuni bora kuliko hiyo. Lakini hekima ya mtu mmoja haikutosha kuwakinga wote. Wako wenzangu tuliokula sahani moja ambao waliuawa na breki zilizokwisha nguvu au minyororo iliyokatika, nao walikuwa wamepewa na matajiri wao mizigo ambayo hapana aliyejisumbua kuipima. Roho zao, Mungu azirehemu, ndizo zinifanyazo nisione karaha kwa masharti ya leo.

Mageuzi yalianza kwenye magurudumu. Trela zenye ekseli chache ziliachia nafasi trela ndefu zenye ekseli nyingi, nyingine zikiwa na magurudumu ya nyuma yanayoweza kugeuzwa ili kufuata kona, na kwa shehena iliyo nzito kupita kiasi, kichwa cha pili hufungwa nyuma ili kisukume katika kilima na kuzuia katika mteremko. Faida ya ekseli nyingi si kuongeza nguvu, bali ni kuugawa uzito ili ardhi isionewe. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba ukiuzidisha maradufu uzito ulio juu ya ekseli moja, madhara yake kwa barabara hayazidi maradufu tu, bali hukaribia mara 16. Hesabu hiyo ndiyo iliyomo ndani ya mizani ya Gilgil, ambapo lori hupimwa ekseli kwa ekseli. Na ndiyo iliyomo ndani ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, iliyoweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Kinachozidi ukomo huo na hakigawanyiki, kama transfoma kubwa, sharti kiombewe kibali cha pekee kwa Mamlaka ya Barabara Kuu, chombo kilichozaliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007.

Kwa sababu ya kibali hicho, kazi siku hizi huanza kitambo kabla ya injini kuwashwa. Mtu hutangulia njia nzima akiwa na mti wa kupimia na daftari, akaandika kimo cha kila waya, upana wa kila daraja, kila kona yenye ukingo wa mawe, na kila mahali pa kuegesha ili magari yaliyokwama nyuma yapate kupita. Kampuni ya umeme huarifiwa, polisi huarifiwa, na mwendo hufanywa mchana, gari lenye taa na bendera likiwa mbele na jingine likiwa nyuma.

Matunda ya tadbiri hiyo niliyashuhudia mitambo ya kuchimbia mvuke ilipopelekwa Menengai, ambako Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi ilianza kuchimba visima mwezi wa Februari 2011 ili kuufuata mvuke uliofichwa kwa kina cha kilomita mbili na zaidi chini ya volkano ile. Mtambo wa namna hiyo hausafiri ukiwa mzima: mnara wake hufunguliwa sehemu sehemu, pampu, majenereta na matangi yake yakapakiwa mbalimbali, kila kipande kikiwa kimeandikwa mahali pake katika mpango wa kuunganisha. Hapo nilimkumbuka mpagazi wa karne ya 19 kwa heshima mpya, kwa kuwa busara yake ya kukigawa kinachogawanyika haijapitwa na wakati. Kilichoongezeka ni ukubwa wa kipande, na wingi wa watu wanaopaswa kukijua kipande hicho kabla hakijafika.

Alhasili, watu husema kuwa kazi hii imegeuzwa na injini zenye nguvu, nami siwapingi, lakini injini ni sehemu tu ya habari. Geuko kubwa ni kwamba maarifa yaliyokuwa katika kichwa cha dereva mmoja kileleni pa Kariandusi yamekuwa sharti la kila mtu, yakaandikwa, yakapimwa, yakatiwa muhuri. Hivyo basi, anayetoa hongo ili uzito wake upite mizanini haidanganyi serikali peke yake. Anaibomoa barabara iliyojengwa kwa kodi ya mkulima wa viazi na mwalimu wa shule, na anamrudisha taniboi kwenye hatari iliyowaua wenzetu. Na dereva wa matatu anayepenya kati ya gari la bendera na trela, kwa kuwa ameona msafara unakwenda pole, hajui kwamba pole hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mzigo mkubwa ni amana ya wote watakaotumia umeme wake au kuvuka daraja lake. Na anayeupisha kwa subira kando ya barabara, hata kwa dakika chache, naye ameshika upande wake katika kuubeba.