Wanaogombea mzoga katika bonde la Lamar

Katika bonde la Lamar, kaskazini mwa hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, anayetafuta mbwa mwitu hutazama kwanza angani. Kunguru wakizunguka mahali pamoja, huenda kuna mzoga chini yao.

Ilikuwa Mei. Tuliamka saa kumi alfajiri, watoto wakinung'unika, tukaegesha gari kando ya barabara. Hawa si mbwa mwitu wa kwetu wenye mabaka na masikio ya duara. Ni wakubwa zaidi, wa kijivu au weusi. Humu waliangamizwa kufikia miaka ya 1920, wakarudishwa kutoka Kanada kuanzia 1995.

Saba walikuwa wanakula elki, mnyama kama kulungu lakini anayekaribia ng'ombe kwa ukubwa. Walianzia tumboni: ini, moyo, mapafu. Mmoja anaweza kumeza hata kilo 9 kwa mlo mmoja, na nilipotazama kwa darubini nikaona si uroho. Kunguru walikuwa wananyofoa nyama, wanaruka kwenda kuificha, wanarudi. Ukifukuzwa mmoja, watano wanashuka upande wa pili.

"Mama, si wangewinda wawili tu, kila mmoja ashibe?" aliuliza binti yangu.

Swali hilo liliwasumbua hata wataalamu. Mwaka 2004 John Vucetich na wenzake, kwa kumbukumbu za kisiwa cha Isle Royale, walionyesha kuwa sababu ni hao hao kunguru. Wawili wanaweza kumwangusha mnyama mkubwa, lakini kabla hawajammaliza, kunguru wamebeba fungu kubwa. Kundi, ambalo kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti, hula haraka na kuporwa kidogo.

Saa tatu asubuhi akaja dubu. Hakukimbia, alitembea tu. Walimchokoza kwa nyuma, kisha wakaketi mbali kumngoja. Jike mmoja hakungoja. Alipanda kilima tumbo limejaa. Pangoni, watoto humlamba mzazi mdomo mpaka awatapikie nyama. Nilipoeleza hivyo binti yangu alikunja uso, kisha akaomba darubini tena.

Mkienda, vaeni nguo nzito na msiwasogelee mbwa mwitu wala dubu chini ya mita 91, ndiyo sheria. Chakula kifungieni ndani ya gari. Kunguru wa Yellowstone wanajua kufungua zipu za mikoba.