Nilimwambia ni Kama Simu Tu

Mlinzi mmoja mjini Thika alikatwa mshahara miezi mitatu kwa kosa langu. Alipokuwa akikaripiwa nilisimama hatua tano tu kutoka kwake, ufunguo wa gari mkononi, nikanyamaza. Mwaka mmoja na zaidi nimelibeba jambo hilo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami sitaki kuendelea kuficha.

Naanza na kazi yangu, maana ndiyo inayoninyima kisingizio. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu hujifunza kwangu jinsi umeme unavyozaa joto: kwamba waya ukipitishiwa mkondo mkubwa kwa saa nyingi hupata moto, na kwamba waya huo ukiachwa umezongwa kwenye gurudumu lake, joto hukosa pa kutokea, hujilimbikiza mpaka plastiki ikayeyuka. Nimelisahihisha jibu hilo katika mamia ya madaftari. Niliyoyatenda hayakutokana na kutojua.

Gari langu ni Nissan Leaf la mtumba kutoka Japani. Lilipokuwa jipya betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24. Sasa imechoka, na nikipata kilomita 120 kwa chaji moja nashukuru. Kwa safari za kila siku, kutoka Kitengela ninakoishi hadi shuleni, hizo zinatosha na kubaki. Lakini likizo ya Agosti mama aliniomba nimpeleke Embu akamjulie hali dada yake aliyekuwa mgonjwa. Nikapanga safari ya siku mbili: tupite Eastern Bypass hadi Ruiru, tulale hapo huku gari likichajiwa usiku kucha, kisha asubuhi tushike barabara ya Thika na Makutano, tukatize mashamba ya mpunga ya Mwea, tufike Embu kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ilitukuta karibu na Kamakis, pale moshi wa nyama choma unapokupokea kabla hujaegesha gari. Niliingia katika nyumba ya wageni ya kwanza niliyoiona na kuuliza kama naweza kulipia chumba na chaji ya gari. Msichana wa mapokezi akamwita meneja. Meneja alinitazama, akalitazama gari, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Na tokeni atanunua nani? Hapa tunakodisha vitanda, hatuuzi stima." Watu waliokuwa wakingoja vyumba walicheka. Nikahisi uso unaniwaka. Sikujibu neno. Nilirudi kwenye gari, na mama, ambaye hakuona kilichotokea, akaniambia, "Basi twende mbele, mwanangu."

Yule meneja nilimlaumu wakati ule bila haki, na leo simlaumu hata kidogo. Alikuwa na hofu ya kitu ambacho hajawahi kuelezwa. Kumweleza kungenichukua dakika moja: gari langu likichajiwa usiku mzima kwenye soketi ya kawaida hunywa yuniti 14 hadi 18. Tuseme kila yuniti ni shilingi 30. Haizidi shilingi 540. Ningeweka noti ya 1,000 mezani, yeye angepata faida na mimi ningepata usingizi. Nafundisha hesabu za aina hiyo kila wiki. Lakini mbele ya vicheko vile nilikuwa mtu aliyeaibika tu, na badala ya kueleza niliapa moyoni kwamba sitauliza tena.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Yaliyofuata Thika yalikuwa matunda yake.

Tulifika Thika usiku umeshaingia, betri imebaki theluthi. Embu bado kilomita 90 hivi. Nikachukua vyumba viwili katika hoteli ambayo sitaitaja, maana haikunikosea kitu. Nilijaza jina, nikalipa, nikapokea funguo. Kuhusu gari sikusema lolote. Kisha nikazunguka hadi uani, ambako mlinzi alikuwa na kibanda cha mabati chenye taa moja na soketi moja ya kuchajia simu na redio yake.

Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, amevaa koti kubwa la baridi. Mama alikuwa tayari ameshasalimiana naye, wakaulizana habari za magoti na za mvua, kama wazee wanavyofanya, naye ameshaambiwa kwamba mimi ni mwalimu. Nilimwomba soketi yake.

"Ya kuchajia nini, mwalimu?"

"Gari, Mzee. Ni kama simu tu, ila kubwa kidogo."

Simu ikichajiwa huvuta wati 10 au 20. Gari langu huvuta wati zipatazo 2,300, bila kupumzika, hadi alfajiri. Ni sawa na kuwasha birika la umeme na kuliacha likichemka usiku mzima kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya balbu na redio. Nilizijua tarakimu hizo nilipokuwa nikitamka neno "simu". Nililichagua neno hilo kwa sababu ndilo ambalo lisingemtia wasiwasi. Nikampa shilingi 200, nikatoa ekstensheni, nikavuta waya wa kutosha kufika garini. Uliobaki niliuacha umezongwa kwenye gurudumu lake, kwa sababu nilikuwa nimechoka na giza lilikuwa limetanda.

Saa tisa usiku taa za hoteli zilizimika upande mmoja. Nilisikia harufu ya plastiki iliyoungua, nikachungulia dirishani, nikaona tochi ikihangaika uani. Kisha kukatulia. Nikajiambia kwamba stima imepotea, kama inavyopotea kila mahali, nikarudi kulala.

Asubuhi niliona yote. Soketi ya kibandani ilikuwa imeyeyuka ikawa donge jeusi, na ukuta umepakwa masizi. Hitilafu ilikuwa imeangusha swichi kuu ya upande wa jikoni. Friji zilizimika, maziwa yakachacha na nyama ikaanza kulegea. Mzee alikuwa amefunga kitambaa kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa amechomoa plagi ikiwa ya moto. Waya wangu alikuwa ameuzongoa, akaukunja vizuri na kuuweka nyuma ya gurudumu la gari langu, mahali ambapo meneja asingeuona.

Meneja alikuwa amesimama mbele yake akifoka. "Nimekukataza mara ngapi kuchemsha maji hapa? Ulitaka kutuchoma sote?" Alidhani mzee alikuwa akipikia chai kwenye kibanda kwa kile chuma cha kuchemshia maji. Akasema fundi, soketi na vyakula vilivyoharibika vitakatwa kwenye mshahara wake. Mzee hakujibu. Alinitazama mara moja, si kwa hasira, akatazama chini tena.

Niliingiza mzigo garini. Nikamfungulia mama mlango. Nikaondoka.

Tulipokuwa tunapita mashamba ya mananasi mama aliuliza, "Mbona yule mzee hakutuaga?" Nilimwambia huenda zamu yake ilikuwa imekwisha. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili.

Tulifika Embu salama. Chaji iliyotufikisha ilikuwa ya yuniti 14. Shilingi 420.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba kosa lilikuwa la nchi: vituo vya kuchajia magari ni vichache, na vingi viko Nairobi kwenye maduka makubwa, wakati msafiri anavihitaji njiani. Hilo ni kweli, na inafaa lisemwe. Lakini kadiri nilivyolichunguza ndivyo utetezi wangu ulivyopungua. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 usiku, kabla ya tozo na kodi. Usiku ni nafuu kwa sababu mvuke unaozalisha umeme huko Olkaria haulali. Hutoka ardhini saa zote, hata watu wanapozima taa. Na usiku ndio hasa wakati mgeni wa hoteli amelala na gari lake limesimama. Ukitafuta mahali pa kuchajia gari polepole, kwa bei nafuu, bila kumharakisha mtu, hutapata palipo bora kuliko uwanja wa hoteli.

Wala watu wa upande ule si wageni wa umeme. Mto Ruiru ndio uliotumiwa kuwashia Nairobi taa zake za mwanzo, mapema katika karne ya 20. Mto Thika ulipata kituo chake cha umeme, Ndula, miaka ya 1920. Na mwaka 2024, katika kiwanda cha KVM mjini Thika, kampuni ya BasiGo ilianza kuunganisha mabasi ya umeme. Nililala katika mji unaounda mabasi ya aina hiyo, nikaogopa kumwambia mtu wa mapokezi kwamba gari langu nalo linahitaji stima.

Thika kuna hoteli nyingine, Blue Post, iliyojengwa mwaka 1908 kati ya mto Chania na mto Thika, enzi ambazo watu walisafiri kwa farasi na kwa mikokoteni ya ng'ombe. Naifikiria sana siku hizi. Msafiri wa wakati ule alifika na mnyama mwenye njaa, na hakuna aliyemficha mnyama wake nyuma ya nyumba. Aliomba kitanda chake na majani ya farasi kwa pumzi moja, akalipia vyote viwili. Gari langu nalo lina njaa yake. Kilichonipotosha Thika hakikuwa uhaba wa umeme. Nilichukua kwa siri kitu ambacho kingeweza kuuzwa kwa uwazi, na siri hiyo nikamtwika mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kunikatalia. Meneja angeweza kusema hapana. Mlinzi aliyeombwa na mgeni wa hoteli, tena mwalimu, tena mbele ya mama aliyemsalimu kwa heshima, angesemaje?

Siku hizi napiga simu kabla ya kutoka nyumbani. Nazungumza na meneja, nataja yuniti na shilingi, naomba fundi wa hoteli anionyeshe soketi yenye waya mnene na swichi yake ya pekee. Waya wangu naunyoosha wote. Nikikataliwa nashukuru na kutafuta kwingine. Kuuliza si ujinga. Nimelijua hilo tangu utoto, nikalilipia nikiwa mtu mzima kwa fedha za mtu mwingine.

Desemba ya mwaka uliofuata nilirudi katika ile hoteli. Nilimwomba meneja tuketi, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kimya, kisha akafungua daftari na kunionyesha: shilingi 6,600, zilizokatwa kwa miezi mitatu. Mzee aliondoka mara tu alipomaliza deni. Alikuwa ameomba barua ya kumsaidia kupata kazi kwingine, akanyimwa, kwa sababu alijulikana kama mlinzi aliyekaribia kuichoma hoteli. Nililipa hasara yote kwa hoteli ili yeye arudishiwe chake. Nikaomba jambo moja zaidi, na meneja akalikubali. Aliandika barua fupi, akapiga mhuri.

Nilimpata mzee Ruiru, akilinda jengo la ghorofa lililokuwa bado likijengwa, si mbali na mahali nilipochekwa. Kazi ile ilikuwa ya kibarua, ya kulipwa kwa siku. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama mbele yake kama mwanafunzi. Nilimkabidhi bahasha mbili. Pesa alizihesabu mara moja, akazitia mfukoni. Barua aliisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata maneno. Nikaona alama ya moto kwenye kidole hicho.

Nikamwuliza kwa nini siku ile hakunitaja.

"Hayo hayakuwa maneno yangu, mwalimu," alisema. "Yalikuwa yako. Nilikuwa nangoja uyaseme."

Kisha akaniuliza kama mama hajambo.

Jioni hiyo nilifika nyumbani nikaketi karibu na mama jikoni. Nilimwambia, "Mama, uliniuliza mbona yule mzee wa Thika hakutuaga." Nikamweleza mwanzo hadi mwisho, pamoja na uongo niliomwambia yeye. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, bila kuinua macho. Halafu akasema, "Jumamosi utanipeleka nikamsalimie."