Maneno ya Zamani na Picha za Ngoma

Mwezi huu hatuleti habari za mitihani. Tunataka kuwasimulia starehe moja tunayoipata sisi walimu wa kujitolea jioni, kompyuta ikiwa wazi na mtandao haujakata.

Tunatafuta maneno ambayo watu wameyasahau, pamoja na picha za watu wakicheza. Kamusi ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882, siku hizi unaisoma bure kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa. Ukishaanza hulali! Neno moja linavuta lingine. Katika kamusi nyingine tukakuta vugo: ni pembe inayopigwa kwa kijiti, na ngoma yenyewe ya wanawake harusini huko pwani inaitwa hivyohivyo. Tukakuta msewe, ile njuga ya kufunga miguuni. Ndugu zetu Warundi wakatuambia kwao ingoma ni mti unaopigwa na pia ni ufalme. Kwa Kiswahili ngoma ni kupiga na kucheza. Yaani neno moja, nyumba mbili.

Kwenye picha, tuliyempenda zaidi ni Malick Sidibé wa Mali. Mwaka 1963, usiku wa Noeli kule Bamako, alipiga picha ya kijana wa suti na msichana asiye na viatu, vichwa vyao karibu kugusana, wanaangalia miguu yao. Picha haina sauti, lakini ukiitazama unasikia muziki. Halafu kuna Jean Depara, mzaliwa wa Angola, aliyepiga picha za usiku wa Kinshasa miaka ya 1950 na 1960. Wazee waliposikia jina la Franco, ambaye Depara alimpiga picha, walisogeza viti vyao karibu na kompyuta, na sisi tukasimama nyuma.

Wanafunzi walituuliza mbona mkono wa mchezaji mwingine unaonekana kama moshi. Tukawaeleza: kamera ikifungua jicho kwa muda mrefu, mkono unaacha njia yake kwenye picha. Flashi ndiyo inayousimamisha.

Mwaka huu tulimzika bibi mmoja wa Fizi aliyecheza katika harusi nyingi za bloku yetu. Familia ilitafuta picha yake akicheza, haikupata. Iliyopo ni ile ndogo ya kitambulisho, uso mkavu, macho mbele. Wajukuu wake wanasoma kwetu. Wanajua alivyokuwa anakunja bega, wanatuonyesha, lakini jina la uchezaji ule hawalijui, na kwenye kamusi zetu hatulioni.

Basi wazazi, mwenye kulijua, kwa Kibembe au kwa Kifuliiru, apite darasani mchana baada ya masomo. Tuna daftari tayari. Na mwenye simu ya kamera, kwenye harusi ijayo asiwapige maharusi peke yao. Awageukie na wanaocheza.