Neno la siri peke yake halitoshi

Jamani, leo nina hoja ya kiufundi kidogo, msinikimbie. Ofisini kwetu hapa Dodoma tunatunza kanzidata ya watu wanaotupa habari: wakulima wa zabibu wa Hombolo, walimu, makarani wa halmashauri. Majina na namba zao za simu zimo humo. Karani akijulikana, kazi hana.

Kwa muda mrefu chumba kizima cha habari kilitumia neno la siri moja, limebandikwa kwenye kikaratasi pembeni ya skrini. Mwandishi akihama, anahama nalo kichwani. Ukilibadilisha, kila mtu anahangaika.

Sasa fikirini M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008. Mtu aliyeko Kondoa akiijua namba yako ya siri lakini laini hana, pesa yako haigusi. Simu ikiibwa, inafungwa laini yako tu, ya jirani inaendelea.

Cheti cha kidijitali ndiyo laini yenyewe. Kila mwandishi ana chake, na ufunguo wake unabaki kwenye kompyuta yake. Hautumwi kwa seva. Unatia sahihi tu, seva inaihakiki.

Sisi tunatumia PostgreSQL. Kwenye faili la pg_hba.conf mstari unaanza na hostssl: asiyepitia njia iliyosimbwa hapokelewi. Kisha scram-sha-256, iliyokuja na toleo la 10 mwaka 2017, inayohakiki neno la siri bila kulipeleka lenyewe mtandaoni. Mwisho clientcert=verify-full, iliyoanza na toleo la 12: cheti lazima kiwe kimesainiwa na mamlaka mnayoiamini, na jina lililomo lilingane na la mtumiaji. Angalizo: seva husoma kutoka juu na kufuata mstari wa kwanza unaolingana. Ukiacha "trust" huko juu, umejisumbua bure.

Anayeondoka, cheti chake kinaingia kwenye orodha ya vilivyobatilishwa. Basi.

Wenzangu wengine wanalalamika kwamba ni usumbufu. Sawa, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu. Na hata isingekuwepo, yule karani alituamini sisi, hakukiamini kile kikaratasi.

Nyie je? Neno la siri la ofisi yenu linajulikana na wangapi, na wangapi kati yao walishaacha kazi?