Muhogo wa kiangazi una ukali wake

Familia inayofika Kabambare ikikimbia kutoka upande wa Salamabila au Fizi mara nyingi haina shamba. Inapewa kipande cha udongo wakati mvua za Septemba zimekwisha kupita, ao inafanya kazi kwa watu na kulipwa mihogo. Lakini mambo yanayopata mmea shambani yanafika mpaka kwenye sufuria.

Kila jani lina matundu madogo sana, ambayo jicho haliyaoni. Kupitia matundu hayo mmea unavuta hewa ya kutengenezea chakula chake, na kupitia hayohayo maji yanatoka. Udongo ukikauka, mmea unatengeneza kemikali inayoitwa asidi ya absisiki, nayo inafanya matundu yafungwe. Maji yanabaki ndani, lakini hewa haiingii; sukari inapungua na mmea unadumaa. Ukame ukizidi, mapovu ya hewa yanaingia katika mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, na mrija wenye povu haupitishi maji tena.

Mpunga, ambao wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliuleta Maniema katika karne ya 19, unaumia haraka, kwa sababu mizizi yake mingi haiendi chini sana. Majani yake yanajikunja kama mkeka ili jua lisiyapige yote. Yakikunjuka usiku, mmea bado una nguvu; yakikutwa yamekunjwa hata alfajiri, hali ni mbaya. Ukame ukiukuta mpunga unatoa maua, suke linasimama wima lakini ndani ni mapepe. Kwa mahindi, nyuzi za gunzi zinachelewa kutoka, vumbi la ua dume linamwagika bure, na gunzi linabaki na mapengo.

Muhogo ni mvumilivu zaidi. Unafunga matundu mapema, unaangusha majani, unaishi kwa wanga uliowekwa mizizini, na mvua ikirudi unachipua. Ndiyo sababu unaokoa watu. Lakini wakati wa ukame sumu ya sianidi inayoweza kutoka katika mizizi yake inaongezeka, hasa kwa mihogo michungu. Mtu anayekula kila siku muhogo ambao haukutayarishwa vizuri, bila chakula kingine cha kujenga mwili, anaweza kupata konzo: miguu inapooza ghafula, inakakamaa, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Ugonjwa huo ulielezwa na madaktari mwaka 1938 huko Kwango, na jina lake ni la lugha ya Kiyaka. Mwaka 1981, baada ya ukame, uliwapata zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji.

Dawa ya kuukinga haiuzwi. Mihogo michungu inamenywa, inalowekwa majini siku tatu mpaka ilainike, halafu inaanikwa juani kabla ya kutwangwa unga wa bukari. Siku moja haitoshi. Sombe nayo inatwangwa na kuchemshwa sana. Maharagwe, karanga, samaki ao viwavi vikiongezwa kwenye sahani, mwili unapata nguvu ya kuiondoa sumu.

Njaa, lakini, haingojei siku tatu. Mama aliyekimbia hana ndoo ya kulowekea, watoto wanalia, na hajui katika shamba la wageni wake mti upi ni mtamu na upi ni mchungu. Mwenye shamba anajua. Kwa hiyo anayetoa mihogo wakati wa kiangazi angetoa pia neno moja: huu ni mchungu. Na kama ana ndoo ya pili, aikopeshe kwa siku tatu, pamoja na kikapu cha mihogo mitamu ya kula katika siku hizo.